Kuhusu Mdogo Wangu Kunizidi Umri

Samuel Kadenge Mung'aro,
Nyumba za Baraza, Buxton,
Mombasa.

Alhamisi, 27 Juni 1996

Kwa Bwana Dishon Kyalo,
Mwenyekiti,
Klabu ya Mashua za Tanga ya Wastaafu,
Hori ya Tudor.

Bwana Mwenyekiti,

Naomba barua hii ikukute mzima, umeketi, na miwani yako iko karibu, kwa maana nimeandika kwa mkono na sina nia ya kufupisha. Mimi ni mwanachama wako nambari saba. Nilikuwa karani wa serikali kwa miaka arobaini na minne, kazi yangu kuandikisha watu, na kwa muda huo wote sikuwahi kulalamika kwa maandishi. Nilipokea malalamiko ya wengine nikayatia kabatini. Hili langu naomba lisitiwe kabatini, kwa sababu najua yanavyokaa humo.

Utakumbuka kwamba Jumamosi ya tarehe 8 tulishindana kutoka gati ya klabu hadi boya jekundu na kurudi, mara tatu. Mashua zilikuwa nne, zile za mbao alizotuachia yule Mzungu alipokwenda kwao, na wazee walikuwa wanane, wawili kila mashua. Mimi nilishika usukani wa Subira. Ndugu yangu Fondo alishika usukani wa Kiinua Mgongo. Nilifika dakika nne kabla yake. Alipokuwa akihangaika kufunga kamba, mimi nilikuwa nimekwisha kukunja tanga, nimevaa viatu, na nimeanza kunywa chai. Hapo ukatoa karatasi yako mfukoni, ukapiga hesabu huku ukitikisa midomo, ukamkabidhi Fondo kikombe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa nambari ili kamati isije ikapotea njiani kama ilivyopotea kwenye hesabu.

1. DAKIKA ZA UZEE. Sheria uliyotuletea mwezi wa Machi inasema mshika usukani atapunguziwa nusu dakika kwa kila mwaka aliouzidisha juu ya sitini. Sina ugomvi na huruma. Lakini kwenye ubao wako wa ukutani Fondo ana miaka sabini na mitatu, na mimi nina sitini na minne. Kwa hivyo yeye amepunguziwa dakika sita na nusu, mimi mbili tu, na nimeshindwa kwa nusu dakika na mtu ambaye njia nzima nilimwona kwa kugeuza shingo. Bwana Mwenyekiti, Fondo ni mdogo wangu. Baba mmoja, tumbo moja. Mimi nilizaliwa mwaka wa 1925 na yeye 1927. Nilimbeba mgongoni, nikamfuta kamasi, nikamfundisha kuhesabu hadi mia kwa kokwa za korosho. Hizo ndizo hesabu mlizozitumia kuninyang'anya kikombe.

2. KITAMBULISHO. Nilipopinga, ulisimama mbele ya watu na maandazi yao mkononi ukasema, "Karatasi ya serikali haidanganyi." Nilikuheshimu, nikauma andazi langu, ingawa nusura nipaliwe. Klabu yetu ina wanachama kumi na tisa, na kumi na sita kati yao wamezaliwa tarehe mosi Januari. Wewe mwenyewe ni mmoja wao. Hukuona ajabu? Kila mwaka mpya tunakula keki moja, tunapongezana, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mama zetu walikuwa na mkutano gani. Nitakwambia mimi. Mtu alikuja ofisini akasema amezaliwa mwaka wa nzige, au mwaka ule wa njaa, au wakati chifu fulani bado ana meno. Karani alitazama dari, akachovya kalamu, akaandika tarehe mosi Januari na mwaka uliomjia kichwani. Karani huyo nilikuwa mimi. Huko kwenu Ukambani alikuwako mwenzangu, na wino wetu ulikuwa mmoja.

Ama huu mwaka wa 1923 mnaoutukuza kwenye kitambulisho cha Fondo, nao niliuandika kwa mkono wangu huu huu. Fondo alinifuata mjini mwaka wa 1943, mvulana wa miaka kumi na sita, mguu mtupu, anataka kazi ya kupakia mizigo bandarini. Mnyapara alikuwa hataki mtu wa chini ya miaka ishirini. Mimi nilikuwa karani mgeni wa miezi mitatu, na mdogo wangu alikuwa hajala tangu jana yake. Nikamwongezea miaka minne, akatanua kifua, akaandikwa kazi. Cheti alichopewa baadaye kilifuata karatasi ile, na kitambulisho kilifuata cheti, na kile kipya alichochukua mwaka jana kikafuata cha zamani. Mimi miaka ile minne nilimwazima, kama mtu anavyoazima kanzu ya kwendea arusini. Arusi imekwisha miaka hamsini na mitatu iliyopita na mwenzangu bado kaivaa.

3. UZEE WA GHAFLA. Tangu sheria yako itoke, klabu imeingiliwa na maradhi. Kabla ya Machi hapakuwa na ndevu nyeupe pale gati. Wazee walikuwa wakijipaka piko mpaka masikio yanakuwa meusi. Leo piko imekwisha, na kila mtu anakohoa akikuona na daftari. Bwana Baya, anayemshikia Fondo tanga na kuutamani usukani, amenunua bakora. Huja nayo akiinama hadi kwenye ubao, akishasomwa jina lake huisahau kwenye ngazi na kuruka ndani ya mashua kama paka. Wiki iliyopita nilimwona akitoka Marikiti na gunia la viazi begani, bakora ameifumbata kwapani. Mwanachama mwingine, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni jirani, ameleta hati ya kiapo kwamba aliiona kwa macho yake vita kuu ya kwanza. Mtu huyo tulimchezea ngoma alipooa, na mpiga zumari yungali hai. Watatu wamenijia faragha kuniuliza kama bado ninao ule muhuri. Sinao.

Umeanzisha mashindano ambayo anayeshinda ni aliyeoza zaidi. Mwakani, Bwana Mwenyekiti, mtaletewa mshindi ndani ya jeneza, na hakuna mashua ya Tudor itakayomfikia.

4. Lalamiko hili limeondolewa na mke wangu, Sidi, aliyeisoma barua hii nilipokuwa bafuni. Lilihusu mwili wako na jinsi mashua ya kamati inavyolala upande ukiingia. Amesema mtu mzima haandiki maneno kama hayo. Basi sikuyaandika.

5. KITI. Pale klabuni tuna kiti kimoja chenye mikono, na desturi ni kwamba mkubwa wetu ndiye hukikalia. Siku ile baada ya kikombe nilikuwa nimekikalia kama kawaida. Ulinijia mbele ya watu wote, na wake zao, ukaniambia, "Mzee Samuel, mpishe kaka yako." Kaka yangu! Nikainuka, kwa kuwa nimelelewa. Ukataka nimwamkie shikamoo ili mpiga picha atupige pamoja. Nilijitia kikohozi. Fondo alikaa kwenye ncha ya kiti akitazama miguu yake, hakucheka, na wala hakukataa.

Nilikuletea ushahidi. Nilikueleza kwamba kwetu Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Babu yetu ni Kadenge. Mimi ni Kadenge. Fondo ni jina la ndugu yake babu, na halipewi mtu mpaka Kadenge awe amekwisha kuzaliwa na kuonekana ataishi. Ulinijibu kuwa jina si tarehe. Nikakuletea Bi Kanze, jirani ya marehemu mama, aliyekuwako tulipozaliwa sote wawili. Nilimkodia teksi kutoka Kisauni, nikamshika mkono hadi mezani kwako. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nawakumbuka vyema. Nyote wawili mwalilia ziwa, wala hakuna aliyenyamaza." Ukaandika kwenye daftari kwamba ushahidi haukutosha, kisha ukampa soda. Alisema soda ilikuwa nzuri.

6. POSA. Hili ndilo lililonitia kalamu mkononi. Hayo mengine ningeyameza.

Ubao wako uko ukutani, na watu wanausoma. Mmoja wa wanaousoma ni huyo Baya wa bakora. Mwanawe anataka kumwoa mpwa wetu Mirriam, anayefundisha shule ya msingi hapa kisiwani, na ni kijana mwema, hakumrithi babake. Jumapili ya tarehe 16 Baya na wazee wake walibeba kadzama. Nikuelezee, kwa kuwa wewe si wa huku: kadzama ni tembo la mnazi la kufungulia mazungumzo ya posa, na kwetu sisi watu wa kanisa siku hizi ni kreti mbili za soda. Kadzama hupelekwa kwa mkubwa wa nyumba. Wakatoka na kreti zao, wakapita Buxton, wakapita mbele ya dirisha langu nikiwa nimevaa koti, maana fununu ilikuwa imenifikia, wakateremka nazo hadi Kibokoni kwa Fondo. Walipoulizwa kwa nini, Baya alijibu kuwa ameusoma ubao wa klabu na anajua nani mkubwa. Mke wangu alipata habari hiyo Marikiti, kwa muuza nyanya.

Sasa utaniuliza, kama Sidi alivyoniuliza, kwa nini basi kitambulisho changu mimi kinasema 1932. Nilikuwa sikusudii kuligusa jambo hili. Nitaligusa.

Mwaka wa 1979 nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, nimebakisha mwaka mmoja kustaafu. Mwaka huo huo dada yetu, kitinda mimba, alifariki. Aliacha mtoto wa kike wa miaka saba, na baba yake mtoto hatujamwona hadi leo. Fondo alikuwa na wanawe wanane. Mimi wangu walikuwa wamekwisha kusoma. Nikamchukua mtoto. Kisha, siku vitambulisho vipya vilipoletwa ofisini kwetu, nilichukua fomu, nikatazama dari kama nilivyozoea, nikajikata miaka saba. Nikaketi kwenye kiti changu cha ofisini hadi 1987. Nilikuwa nimekwisha kuchoka, Bwana Mwenyekiti. Macho yalikuwa yameanza kuniletea kila jina mara mbili, na vijana waliokuwa chini yangu walipanda wakawa juu yangu. Nilikaa kwa sababu ya ada, na sare, na viatu vyeusi ambavyo mtoto yule alivimaliza kila muhula kama aliyekuwa akivila.

Mtoto huyo ndiye Mirriam. Miaka saba niliyoikata ndiyo iliyomsomesha. Leo, kwa sababu ya miaka hiyo hiyo, posa yake imepita mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Nimeumia, na sioni haya kukuandikia kwamba nimeumia. Na aliyenifanyia hivi si Baya, ambaye hana akili ya kutosha kunidhuru. Ni ubao wako, kwa chaki yako, kwa huruma yako ya nusu dakika.

Kwa hayo yote, naomba kamati itende yafuatayo kabla ya mashindano ya tarehe 13 Julai:

(a) Ubao ufutwe, na anayeufuta awe wewe, mchana, watu wakitazama.

(b) Fondo aandikwe 1927, apunguziwe dakika anazostahili, na kikombe kirudi Buxton kikiwa kimeoshwa.

(c) Vitambulisho vikomeshwe na wazee wapimwe kwa miili yao. Kila mshika usukani aketi chini sakafuni na kuinuka bila kushika kitu, na wanakamati wawili wenye masikio mazima wasikilize magoti. Goti la mzee lina sauti yake, wala halinunuliwi kwa hati ya kiapo. Bakora zisalimishwe mlangoni.

(d) Bwana Baya aonyeshwe kwa maandishi njia ya kuja kwangu. Ni nyumba ya tatu, mlango wa kijani, na ameipita mara elfu.

(e) Ikiwa kamati inashikilia kwamba karatasi ndiyo ukweli, basi sisi wazee tubaki nyumbani. Tarehe 13 mvitie vitambulisho vyetu majini hapo gati, na kitakachofika kwanza kwenye boya mkipe kikombe na kiti chenye mikono, na hao wapeleka posa wakipelekee soda.

Iwapo sitapata jibu la kuridhisha, nitajiuzulu uanachama, na nitakwenda na kile kipande cha kamba ya tanga la Subira ambacho nilikinunua mwenyewe.

Nikimalizia, nisalimie mama watoto, Bi Mwikali, umwambie maandazi yake ya siku ile yalikuwa mazuri kuliko hesabu za mumewe. Wasalimie wanakamati wote kwa majina yao na kwa umri wowote watakaokuwa wameufikia barua hii ikisomwa. Msalimie mlinzi wa gati. Baya usimsalimie.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, mwenye miaka sabini na mmoja,

Samuel Kadenge Mung'aro

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI. Jumamosi, tarehe 29. Barua hii ilikuwa bado haijapata stempu jana asubuhi Fondo alipofika hapa kwa miguu kutoka Kibokoni, akifuatana na mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na zile kreti mbili. Akaziteremsha mwenyewe barazani, akaniambia, "Kaka, hizi zalikosea mlango." Aliwaita Baya na wazee wake siku ile ile ya posa, akawaambia kwamba mkubwa yuko Buxton, na kwamba yeye amekuwa mkubwa kwa kalamu yangu tu. Wao waliona haya kuzibeba tena kupitia dirisha langu. Ndiyo maana zilikaa Kibokoni siku zote hizo, na yeye akawa hajui aje aseme nini. Chupa moja ilikuwa tupu. Alisema ni jua la njiani. Nilikwenda jikoni kutafuta kifungulio, na kwa kuwa sikutaka auone uso wangu, nilichelewa kukipata. Wazee wanakuja Jumapili ijayo, na watanikuta nimevaa koti lile lile.

Kuna na jambo jingine. Baya ameteguka mgongo kwa yale magunia ya viazi, na sasa bakora ni yake kwa haki. Kwa hivyo Fondo hana wa kumshikia tanga tarehe 13, ameniomba mimi. Tumeisoma sheria yako pamoja, kwa utulivu, na tumeona ni sheria iliyoandikwa kwa busara kubwa. Inahesabu miaka ya mshika usukani peke yake. Fondo akikaa kwenye usukani na dakika zake sita na nusu, na tanga akawa nalo mtu ambaye saa yako mwenyewe ilimwona akifika wa kwanza, sioni ni nani katika hori lile atakayetufikia.

Basi tafadhali ubao usifutwe. Fondo amezaliwa 1923. Niliandika mwenyewe, na karatasi ya serikali haidanganyi. Kama kamati itapenda kumkamilishia iwe 1920, sina pingamizi. Magoti msiyasikilize, yake hayalii. Kiti apewe. Lalamiko la sita ulikate kwa mkasi na kulichoma, kwa sababu pensheni yangu huja kwa jina la yule mtu wa 1932, na ofisi ile haina mzaha.

Na ili mtu asitie shaka, nikiwa klabuni nitamwamkia Fondo mbele ya wote kama mtu anavyomwamkia kaka yake. Leo tumefanya mazoezi hapa barazani, Mirriam akitutazama. Nikasema shikamoo. Fondo akatazama miguu yake. Nikasema tena. Akaniambia hawezi, ulimi wamkatalia, miaka sitini na tisa hajapata kunijibu neno lile. Ilibidi nikae naye chini nimfundishe marahaba, pole pole, kama nilivyomfundisha kuhesabu.